Mate ya Aliyelala

Wanaume wa ukoo wa Ayt Wakrim walipanga foleni ya kutema mate kwa bidii ambayo kijiji cha Tisselit hakijapata kuiona hata siku ya kupiga kura. Wengine walivaa kanzu za Ijumaa. Mzee Uharru alikuwa amenyoa kichwa na kujipaka mafuta, utadhani mashine huko mjini ingemtazama usoni.

Watu wa chuo kikuu walikuwa watatu. Waliweka meza katika ua wa shule, wakapanga vichupa, na mkubwa wao, binti mwembamba waliyemwita daktari Ghizlan, akaeleza mara tatu jambo lile lile kwa lugha ya bonde. Kila mwanamume, alisema, amebeba mwilini alama aliyopewa na baba yake, na baba alipewa na babu, hivyo hivyo kurudi nyuma bila kukatika. Na kila mtu, mume kwa mke, amebeba alama nyingine inayotoka kwa mama na kwa mama wa mama, ila mwanamume huishia nayo mwenyewe, hampi mtoto wake. Ukizisoma alama hizo mbili kwa watu wengi, unajua watu wa bonde walitoka wapi, wakafika lini na wakaoana na nani.

Wanaume walisikia nusu ya kwanza tu. Mzee Uharru alitaka aandikiwe kabisa kwamba alitoka Yemen, maana babu yake alisema hivyo na babu yake hakuwa mtu wa kusema ovyo. Mwingine aliuliza kama mate yanaweza kuonyesha nani alimwibia nyumbu wake mwaka ule wa ukame. Daktari alisema hapana, na yule bwana akatema mate shingo upande.

Tuda alikuwa amesimama na wanawake ukutani. Mwanawe Zaid alikuwa wa tano kutoka mezani, anacheka na wenzake, na kila foleni iliposogea Tuda aliona kama kuna mtu anamkanyaga kifuani. Mwisho hakuweza kuvumilia. Alimwendea akamshika mkono, akamwambia mbuzi wameingia kwenye shayiri ya watu.

"Mama, mbuzi tunao watatu, na wote nimewafunga mwenyewe asubuhi," Zaid alisema.

"Basi mmoja amekata kamba."

"Aje na yeye atemee hapa. Labda naye ni wa Yemen."

Watu walicheka, naye Tuda akabaki ameushika mkono wa kijana wa miaka ishirini na mitano kama anayemvusha mtoto barabara. Ndipo shemeji yake akanyanyuka kwenye mkeka. Bassu alikuwa mkubwa wa Ayt Wakrim wote, mtu ambaye akikohoa watu hunyamaza.

"Mwache, mama Zaid," alisema. "Leo tunamwamsha mtoto." Akangoja vicheko vipungue, kisha akainua sauti ili hata wa mwisho kwenye foleni asikie. "Na nyinyi wote ni mashahidi wangu. Karatasi ikija ikasema Zaid ni wa Ayt Wakrim, nampa binti yangu Itto kabla tende za mwaka huu hazijaisha."

Zaid alienda akambusu ami yake kichwani, kisha akatema mate kwenye kichupa hadi kikafurika. Tuda aliurudia ukuta wake.

Sasa, kuamshwa huko kulikuwa na maana. Katika bonde lile, na mabonde mengine hadi milimani, kila mtu anajua kwamba mtoto anaweza kulala tumboni mwa mama yake. Hofu inaweza kumlaza, huzuni inaweza, na uchawi pia. Atalala mwaka, atalala miaka mitatu, na siku yake ikifika ataamka, atakua na kuzaliwa kama mwingine yeyote, naye ni mtoto wa mume yule aliyemwacha mle, awe hai au maiti. Msomaji akitaka acheke. Neno hilo limeokoa shingo za wanawake wengi, na ndiyo maana halijafa mpaka leo.

Zaid alikuwa mmoja wa waliolala. Baba yake, Moha, alikwenda Uhispania kujenga majumba, na mwezi wake wa kumi huko jukwaa la mafundi likaanguka naye juu yake. Alirudi ndani ya sanduku. Zaid alizaliwa mwaka mmoja na nusu baada ya Moha kuondoka. Tuda alipoanza kutapika bado alikuwa katika eda, na mama mkwe wake alimtazama muda mrefu, kisha akamtazama mwanawe mkubwa, Bassu, kisha akafunga kitambaa chake kichwani akatoka nje na kuwaambia majirani: mtoto wa Moha alikuwa amelala, na kifo cha baba yake kimemwamsha. Ikawa hivyo. Fakihi aliandika jina, mtoto akapata ukoo na zamu ya baba yake katika maji ya mfereji, na wanawake wakanong'ona kidogo kisha wakachoka.

Mama mkwe yule hakuwa mjinga. Alijua kwamba wakati wa mavuno ya tende, Moha akiwa miezi tisa Uhispania, yeye mwenyewe alikwenda kukaa kwa bintiye siku nne, na nyumbani wakabaki watu wawili, maana Bassu alikuwa bado hajaoa. Ua ulikuwa mmoja. Mlango wa Tuda haukuwa na komeo, kwa kuwa nani aweke komeo ndani ya nyumba ya mume wake. Tuda alipiga kelele mara moja tu, akazibwa mdomo, na tangu siku hiyo mdomo haukufunguka tena juu ya jambo hilo. Bassu alimwita mama Zaid, yeye akamwita shemeji, wakala kuskusi sahani moja miaka ishirini na mitano.

Angeweza kufa na siri yake bila taabu. Lakini Zaid alimpenda Itto. Alimpenda tangu wakiwa wadogo, na nani angemlaumu, maana katika bonde lile binti ami ndiye mke wa kwanza kufikiriwa, na Itto alikuwa mcheshi, mwepesi wa mikono, mwenye kicheko kinachosikika hadi barabarani. Mama yake alikufa wiki tatu baada ya kumzaa, hospitalini Ouarzazate. Baba yake alioa tena, hakupata mtoto mwingine. Miaka yote Bassu alikuwa anawazungusha wale vijana, leo hivi kesho vile, kwa sababu ya maneno ya watu juu ya Aliyelala, naye Tuda alikuwa amejiegemeza kwenye kuzungushwa huko. Alidhani Bassu anazungusha makusudi, kwamba hata mtu kama yule ana mpaka wake. Sasa aliona hakuwa na mpaka wowote.

Kesho yake alimfuata shambani. Bassu alikuwa anazibua mfereji kwa jembe, peke yake, jua limewaka. Tuda alisimama ng'ambo ya maji.

"Unajua watoto hawa hawaoani," alimwambia.

"Sijui kitu kama hicho."

"Bassu."

"Mtoto wa Moha alilala," Bassu alisema, akiendelea kuchota tope. "Mama yangu alisema, kijiji kikasema, fakihi akaandika. Sasa na mashine itasema. Wewe unataka kusema nini, na nani atakusikiliza?"

"Yule ni binti yako."

"Ni binti yangu, na mimi sina mtoto wa kiume. Mitende hii unataka nimwachie nani, mgeni? Inakaa nyumbani. Moha angefurahi." Akaegemea jembe, akamtazama. "Nimewalea, wewe na mwanao. Kuna siku mlilala na njaa?"

Tuda alisema hapana, kwa sababu haikuwapo, na hilo lilimuudhi kuliko yote. Alimtazama usoni akitafuta aibu, au hofu, au hata ujanja. Mtu mwongo macho yake hukimbia. Ya Bassu hayakukimbia. Aliusema uongo ule miaka ishirini na mitano, kwa wageni, kwa mahakimu, kwa Mungu katika sala zake, hata ukamwingia, na sasa alikuwa anauamini kama anavyoamini kwamba maji hushuka. Tuda aliogopa. Mtu anayejua kosa lake unaweza kumtisha, lakini huyu ungemtisha na nini?

"Ukifungua mdomo," Bassu alisema kwa upole, "unajua mwanao ataitwa nani. Wewe wataniuliza kama nikufukuze. Mimi hawataniuliza kitu." Akainama kwenye tope lake.

Siku iliyofuata ilikuwa ya wanawake. Walikuja wachache, wakicheka na kuziba midomo kwa shela, wakisema mate ya mwanamke aliyezaa wanane hayana kitu cha kusoma. Tuda alingoja hadi akawa wa mwisho. Alitema, akakifunika kichupa mwenyewe, akakirudisha mezani.

"Daktari, nina swali la kijinga."

"Uliza, lalla," alisema Ghizlan, kama aitwavyo mwanamke wa kuheshimiwa.

"Tuseme kuna ndugu wawili, baba mmoja. Mmoja wao akapata mtoto. Mashine itajua ni wa yupi?"

Ghizlan aliacha kuandika. "Kwa kipimo hiki, hapana. Ndugu wawili alama yao ni moja, ile ile ya baba yao. Ni sawa na kuuliza jina la ukoo ni la yupi kati yao."

"Kwa hiyo mashine ni kipofu."

"Kwa hilo ni kipofu. Sisi tunatafuta mababu, lalla, hatutafuti baba."

Usiku kucha Tuda alikuwa amejadiliana na nafsi yake, na alfajiri alikuwa amefika mahali ambapo hakudhani atafika: alitaka mashine iseme. Iseme yote, jina la Bassu mbele ya watu, na yeye apigwe mawe ya maneno, lakini jambo lile litoke mikononi mwake. Sasa aliambiwa mashine itasema nusu tu, ile nusu inayomfaa Bassu. Kumbe ndiyo maana Bassu aliahidi mbele ya foleni nzima bila wasiwasi. Bila shaka alikwisha kumuuliza daktari mapema.

"Kuna kipimo kingine kinachojua?" aliuliza.

"Kipo, lakini si chetu. Kinataka huyo mwanamume akubali, au mahakama imlazimishe." Binti akashusha sauti. "Kuna mtu ana shida?"

"Hakuna. Jirani yangu alikuwa anauliza."

"Jirani yako akitaka kuzungumza, mimi nipo hadi kesho saa nne."

Kesho yake Tuda alioka mkate, akaufunga kwa kitambaa, akaenda shuleni saa tatu. Bassu alikuwa ameketi na daktari kwenye jamvi, birika la chai ya nanaa katikati yao, anamsimulia jinsi mababu walivyolichimba bonde. Alimwona Tuda akamkaribisha kwa mkono. Tuda aliweka mkate, akasema ni wa safari, akarudi nyumbani.

Kiangazi kile kilikuwa kirefu. Wanawake waliokuwa na mabinti walimwambia ana bahati, mkwe wa nyumbani hana mambo. Akawa anaitikia. Alipanga maneno ya kumwambia Zaid, akayapangua. Siku moja alimkuta anapaka chokaa chumba cha mwisho, kile atakachokaa na mkewe, nywele zote nyeupe, anaimba ovyo. Tuda aliketi kizingitini akasema ana jambo.

"Hata mimi nina jambo," Zaid alisema bila kugeuka. "Unajua pale kwenye kibanda cha chai, nikipita, kuna mmoja lazima aseme 'nyayo polepole, msimwamshe.' Tangu niko darasa la pili. Nilikuwa nawapiga, kisha nikazoea, kisha nikawa nacheka nao. Karatasi ikija nitaibandika ukutani pale pale." Akageuka na brashi mkononi. "Haya, jambo lako?"

Tuda alimtazama mwanawe. Neno moja lilitosha kuzuia harusi ile. Lingemtoa pia kwenye ukoo, kwenye maji, na kwenye kaburi la mtu aliyekuwa anamwombea dua kila Ijumaa kama baba yake. Na angempa baba mwingine badala yake, yule anayembusu kichwani. Alimeza mate.

"Chokaa umechanganya nyepesi mno," alisema.

Akaenda kukaa jikoni na mlango umefungwa. Alilia huku anachambua dengu, ili akiulizwa aseme ni moshi. Kila upande aliogeuka palikuwa na ukuta, na kila ukuta ulikuwa na mtu anayempenda amesimama mbele yake.

Watu wa chuo walirudi tende zikiwa zinaanza kukatwa. Walitundika ramani darasani, na Ghizlan akasimama mbele ya ukoo mzima. Habari yake ilikuwa ya kushangaza kidogo. Alama ya wanaume wa Ayt Wakrim ilikuwa moja karibu kwa wote, nayo haikutoka Yemen wala mahali popote. Ilikuwa ya nchi ile ile, ya kale kuliko mitende. Mzee Uharru alisema mashine ina makosa na akataka mate yake yarudishwe. Alama za wanawake zilikuwa nyingine kabisa. Zilitoka jangwani, zilitoka milimani, zilitoka pwani, na nyingine zilitoka kusini ya mbali, walikoletwa wanawake bila kuulizwa. Kila bibi alikuwa ametoka kwao.

"Kumbe waliosafiri ni sisi," alisema mwanamke mmoja nyuma, "na hadithi za safari wanasimulia wao." Wanawake wakacheka mpaka Bassu akakohoa.

Kisha zikagawiwa bahasha, kila mtu na yake. Zaid aliifungua kwa meno. Ndani palikuwa na mstari wa herufi na namba, na Bassu akaunyoosha wa kwake kando yake, na kijana aliyesoma akaisoma yote miwili kwa sauti, herufi kwa herufi. Ilikuwa kitu kimoja.

Darasa liliwaka vigelegele. Watu walimbeba Zaid juu juu, na yule aliyekuwa akisema nyayo polepole alikuwa wa kwanza kumbeba. Bassu alikuwa analia, machozi ya kweli yakilowesha ndevu. "Mama yetu hakusema uongo," alikuwa anawaambia watu. "Mtoto wa ndugu yangu alilala. Mmeona wenyewe." Wanawake walimkumbatia Tuda mmoja mmoja, hata wale walionong'ona zamani, na mmoja aliomba radhi mbele ya watu kwa jambo alilosema mwaka wa kuzaliwa Zaid. Tuda alimsamehe. Ilikuwa siku yake ya heshima kuliko zote, na alitamani ardhi impokee.

Mbele kule, Ghizlan alikuwa ameinua mkono, anajaribu kueleza kwamba alama ile haisemi habari ya baba mmoja, kwamba ndugu na binamu wote wanayo. Hakuna aliyesikia. Macho yake yalikutana na ya Tuda juu ya vichwa vya watu, na yule binti akashusha mkono. Bassu alikwisha kutangaza: Alhamisi inasomwa Fatiha ya ndoa.

Alhamisi wanaume waliketi katika chumba kikubwa cha Bassu, fakihi Brahim katikati yao na msahafu kwenye mto. Wanawake walikuwa chumba cha pili, mlango wazi, Itto kati yao na hina mikononi, ameinamisha uso ili watu wasione anavyocheka. Tuda aliketi karibu na mlango. Wiki nzima alikuwa amewaza kila kitu: kujifanya mgonjwa, kujivunja mguu, kuchoma ile nyumba. Yote yangechelewesha tu.

Fakihi aliuliza maswali ambayo huuliza kila mara, haraka haraka, kama mtu anayehesabu ngazi za nyumba yake. Binti ameridhia? Ameridhia. Yuko eda ya mtu? Hayuko. Akageuza shingo kuelekea mlango wa wanawake, kwa kuwa swali la mwisho ni lao: walionyonya ziwa moja ni ndugu, hawaoani. "Kuna ziwa kati yao?"

"Hakuna," waliitika wanawake, huku wanagawa lozi.

"Lipo," Tuda alisema.

Alisikia sauti yake kabla hajajua kwamba amesema. Fakihi alimwambia arudie. Tuda alisimama, akaja hadi kwenye kizingiti, akavuta shela.

"Nilimnyonyesha Itto. Mama yake alipokuwa Ouarzazate, hospitalini. Zaid alikuwa bado hajaacha ziwa, na mimi nilikuwa na maziwa. Yule alikuwa analia."

"Mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Hata moja inatosha," fakihi alisema taratibu, akafunga kalamu yake.

Haikuwa kweli. Itto alinyweshwa maziwa ya mbuzi kwa kitambaa, na mama mkwe ndiye aliyemnywesha. Lakini mama mkwe alikuwa kaburini, na mke wa pili wa Bassu hakuwapo wakati ule. Zaid alikuwa anamtazama mama yake kama anayemtazama mtu aliyeingia nyumba si yake. Ndipo Bassu akanyanyuka, uso umemwiva.

"Mwongo huyu mwanamke. Tangu mwanzo hataki harusi hii. Hakumnyonyesha."

Tuda alimgeukia.

"Fakihi, wakati ule ndani ya nyumba hii tulikuwa watu wazima watatu. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, mimi, na huyu. Kama nasema uongo, yeye anajua. Basi aape. Habari ya maziwa mwacheni, hayo ni mambo ya wanawake, hakuwa anakaa jikoni. Aweke mkono juu ya msahafu aape kitu kimoja tu: kwamba Zaid na Itto si ndugu."

Fakihi aliona ni haki. Aliusukuma mto kuelekea kwa Bassu. Katika bonde lile watu wanaweza kudanganya sokoni, barazani na mbele ya serikali, lakini kiapo juu ya msahafu hawakifanyii mzaha, wamewaona walioapa uongo na yaliyowafika watoto wao. Bassu alinyoosha mkono. Ukafika juu ya jalada, ukasimama hapo, kiasi cha unene wa kidole. Wote waliuona. Tuda aliona zaidi: aliona macho yake, ambayo hayakuwahi kukimbia, yanakimbia.

Bassu aliurudisha mkono, akajifutia uso.

"Mambo ya wanawake," alisema. "Mimi sikuwapo muda wote."

Fakihi alisema basi, Mungu amewaepusha, akaomba viatu vyake. Watu walitoka bila kula. Wanawake walipita kando ya Tuda wakivuta nguo zao zisimguse, na yule aliyeomba radhi darasani alisema kwa sauti ya kutosha kwamba mtu mwenye roho mbaya Mungu hata akimpa heshima anaitapika.

Zaid alimngoja uani.

"Kwa nini leo?" alimuuliza. "Kwa nini si mwaka jana? Kwa nini si siku ya mate? Nimepaka chumba mbele yako."

"Nilisahau, mwanangu."

"Mama gani anasahau mtoto aliyemnyonyesha?"

Alikuwa na haki ya kuuliza, na Tuda hakuwa na jibu lingine ila lile moja. Akaenda kuwafungia mbuzi. Jumapili Zaid alipanda basi la Agadir kutafuta kazi, na bahasha yake ndani ya mfuko wa shati, Zaid bin Moha wa Ayt Wakrim, ambaye hakuna tena wa kumwita Aliyelala. Hakumbusu mama yake mkono. Alimwachia jirani zamu ya maji, akasema atapiga simu, hakusema lini.

Kwa wiki mbili hakuna aliyebisha mlango wa Tuda. Wa kwanza kubisha alikuwa Itto. Aliingia mchana, akavua shela bila kuulizwa, kama binti afanyavyo kwa mama yake, maana kwa sheria sasa ndivyo walivyokuwa. Hina ya viganjani ilikuwa inafifia. Aliketi karibu na moto.

"Mimi nilikunywa maziwa ya mbuzi," alisema. "Bibi aliniambia mwenyewe. Alikuwa anajisifu, kwamba alinilea kwa mbuzi mmoja na kitambaa, kwamba hakumpa mwanamke yeyote taabu."

Tuda aliendelea kukoroga chungu.

"Nilikuja kukutukana," Itto alisema. "Nimekaa na matusi yangu wiki mbili. Lakini kila nikitaka kuja namwona baba na ule mkono." Sauti yake ikapungua. "Kwa nini hakuapa? Kuhusu maziwa, anajua ulidanganya. Kwa nini hakuapa?"

Tuda aliacha kukoroga. Aliinua uso akamtazama yule msichana, na hakuyaondoa macho. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mitano kumwacha mtu amtazame hadi ndani. Itto alifungua mdomo kusema kitu. Kisha mkono wake ukapanda polepole, ukaufunika.

Nje, mbuzi walikuwa wanalia wanataka kulishwa. Tuda alichota supu, akaiweka mbele ya Itto, akaukata mkate.

"Kula, mwanangu," alisema. "Na Zaid akikupigia, mwambie mama anamsalimu."